Suti ya kuzamia ya bei nafuu: mbona bado natetemeka?

Suti yangu ya kwanza ya kuzamia ilikuwa ya milimita 5. Niliinunua kwa jamaa aliyekuwa anahama Kigoma, laki moja na nusu, nikapanda nayo bodaboda kutoka Katubuka nikiwa nimeikumbatia kama mtoto mchanga. Hesabu yangu ilikuwa fupi: wenzangu wanavaa milimita 3, mimi nina 5, basi baridi nitaisikia kwenye hadithi za wengine. Siku ya kwanza, kwenye miamba ya upande wa Katonga, dakika ya 25 meno yalikuwa yanagongana kwenye mpira wa regyuleta, kile kifaa cha kupumulia kinachokaa mdomoni. Mwenzangu, mwenye milimita 3 iliyopauka magotini, alikuwa ametulia anamtazama samaki kuhe akilinda vifaranga vyake. Tulipotoka alipitisha mkono nyuma ya kiuno changu, akavuta mpira, ngumi yake yote ikaingia. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Kaka, hii siyo suti. Umevaa ndoo."

Tangu hapo nimewasaidia wengi kutafuta suti: vijana wanaoshika samaki wa mapambo, walimu, dada mmoja muuguzi anayezamia Jumapili tu akiwa hana zamu. Malalamiko yanafanana, na karibu kila mtu anaanza kwa kulaumu unene wa mpira. Unene una kosa mara chache. Mara nyingi suti haijamkaa mtu mwilini.

Maji ya Ziwa Tanganyika si ya barafu. Juu huwa nyuzi 24 hadi 28 hivi kutegemea msimu, na hata huko chini kabisa, kwenye ziwa lenye kina cha mita 1,470, maji yako karibu nyuzi 23. Kwa mzamiaji wa burudani anayeishia mita 18 au 30, tofauti ya juu na chini ni ndogo. Msimu wa kusi, kuanzia Juni hadi Agosti, ndio unaokumbusha watu kuvaa. Lakini nyuzi 25 za barazani si nyuzi 25 za majini, kwa sababu maji hupitisha joto mara 20 na zaidi kuliko hewa. Mwili unalipa tu, hata kama mwanzoni husikii.

Hugh Bradner, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California aliyebuni suti hizi mwaka 1952, aliona jambo ambalo wanunuzi wengi hulisahau: si lazima mtu awe mkavu ili apate joto. Kinachozuia baridi ni viputo vidogo vya gesi vilivyonaswa ndani ya mpira wa neopreni. Unyevu kati ya mpira na ngozi hauna ubaya, mradi utulie hapo hapo. Ukitulia unapata joto la mwili wako na kubaki nalo. Ukitembea, umejifungia pampu ya kukunyonya joto, na pampu hiyo haijali kama mpira ni milimita 3 au 7.

Natetemeka kabla ya nusu saa

Usinunue chochote kwanza. Jiulize maswali mawili: baridi inaanzia wapi, na inakujaje?

Kama inakuja kwa mafungu, yaani unasikia mfereji wa baridi ukipita, kisha nafuu, kisha mfereji tena kila unapogeuka au kupiga mapezi, basi maji yanaingia na kutoka. Tatizo ni ukaaji wa suti. Kama inakuja polepole, mwili mzima kwa pamoja, bila mifereji, basi mpira ni mwembamba kwako au umezeeka. Kuzitenganisha hali hizi mbili kunaokoa pesa nyingi, maana dawa zake hazifanani hata kidogo.

Mfereji ukipita mgongoni, mhalifu wa kwanza ni kile kibonde cha kiuno kwa nyuma. Suti nyingi za bei nafuu hukatwa kama bomba, wakati mgongo wa mtu umejipinda, na sisi wengine tumepinda zaidi ya mkataji alivyokadiria. Maji yanakusanyika pale, ukiinama yanasukumwa juu hadi shingoni, ukijinyoosha mengine yanavutwa ndani. Jaribio la nchi kavu: vaa, funga zipu, mwambie mtu abane mpira wa kiunoni kwa vidole viwili na kuvuta. Mpira uliokukaa utavutika na kurudi kwa kishindo kidogo. Ukiinuka kama shuka na kubaki umekunjana, hapo kuna ndoo.

Angalia pia makwapani na msambani. Inua mikono yote juu kama mtu anayetundika chandarua. Mpira wa kwapa ukishuka na kuacha pango, kila ukinyoosha mkono utapiga maji ndani. Msamba ukining'inia hata vidole viwili, suti ni ndefu ya kiwiliwili. Hii ya mwisho huwapata zaidi watu wafupi walionunua kwa kufuata kifua peke yake.

Mfereji ukianzia shingoni na kushuka katikati ya mgongo, shuku zipu kabla ya kushuku kola. Zipu ya nyuma huachia maji kwenye meno yake, na suti nzuri huwa na ulimi wa mpira unaolala chini ya zipu kuyazuia. Suti nyingi za bei ya chini hazina ulimi huo, au unao lakini umeuvaa umekunjika. Mara tatu sasa nimemponya mtu baridi kwa kuingiza kidole na kunyoosha ulimi uliojikunja. Hakuna senti iliyotumika.

Vifundo vya mikono na miguu vikiingiza maji, hasara ni ndogo kuliko ya shingo na kiuno, na dawa ni rahisi: soksi za neopreni zikivaliwa chini ya mguu wa suti, glavu chini ya mkono. Watu hununua vitu hivi mwanzoni kwa sababu ni bei rahisi, kisha wanashangaa mgongo bado unaganda.

Sasa kama umepita kote huko na hakuna mfereji, baridi inakuja tu kama jioni ya Julai, fikiria unene. Kwa ziwa letu, kwa mtu wa kawaida, milimita 3 ya mwili mzima inayokaa vizuri inatosha mzamo wa dakika 45. Mtu mwembamba sana, au anayezamia mara mbili tatu kwa siku msimu wa kusi, 5 si anasa. Kabla ya kuuza ya 3 ili upate ya 5, tafuta kizibao cha ndani chenye kofia. Kinaongeza mpira kifuani, kinaziba shingo kwa mara moja, na kinafunika kichwa. Usiamini lakini ule msemo kwamba nusu ya joto la mwili hupotea kichwani. Kichwa ni takriban sehemu 1 kati ya 10 ya ngozi yako, na kinapoteza kwa kiasi hicho hicho, zaidi kidogo kama ndicho pekee kilicho wazi.

Na kuna waliokuja bila kula. Kuna kijana aliniletea suti nzima niikague, nikaizungusha, nikaibana, nikamwinamisha, haina kosa. Nikamuuliza asubuhi amekula nini. Chai ya rangi. Siku iliyofuata alikula ugali na dagaa kabla ya kuingia boti, na malalamiko yakaisha.

Mzamo wa kwanza raha, wa pili siwezi

Hapa suti haina hatia. Joto umelipoteza juu ya boti, kati ya mizamo miwili, ukiwa umekaa na mpira mbichi kwenye upepo. Maji yaliyo juu ya kitambaa cha suti hukauka, na kukauka huko kunakula joto lako kama mtungi wa udongo unavyopoza maji ya kunywa. Kadiri upepo unavyovuma ndivyo inavyokula.

Shusha suti hadi kiunoni, jifute, vaa kitu kikavu kinachozuia upepo. Koti la mvua linashinda sweta hapa. Khanga nzito chini ya koti, chai ya tangawizi kwenye chupa, umemaliza. Wavuvi wanaorudi Kibirizi alfajiri na makoti yao ya mpira wanajua hili bila kusoma popote. Ukirudi majini ukiwa tayari unatetemeka, umeshachelewa: suti hutunza joto lililopo, haitengenezi jipya. Na kutetemeka ukiwa chini ni ishara ya kumaliza mzamo, hata kama gesi bado ipo nyingi.

Kifua kinabana, shingo inakaba

Mtu akishaumwa na suti inayopwaya, inayofuata huinunua ndogo kupita kiasi. Nami nilifanya hivyo. Hili ndilo kosa ambalo halina utani.

Suti ikiwa kavu inapaswa kukubana kuliko unavyopenda, kwa sababu majini inalegea kidogo. Lakini kuna mipaka. Funga zipu hadi juu, vuta pumzi mpaka mwisho, kohoa, gusa bega la kushoto kwa mkono wa kulia na kinyume chake, chuchumaa. Ukishindwa kujaza mapafu hapo ukumbini, majini utashindwa zaidi, na mtu anayepumua juu juu akiwa anafanya kazi chini hukusanya hewa chafu mwilini, kichwa kinauma, hofu inamwingia na gesi inaisha haraka.

Shingo ni mbaya zaidi. Pembeni mwa koo kuna mishipa mikubwa yenye vihisi vya shinikizo la damu. Kola ikiibana, mwili hudhani shinikizo limepanda na moyo hupunguza mapigo. Unasikia kizunguzungu, uso mzito, macho yanaingia ukungu. Ukiona dalili hizo hata ukiwa umesimama ufukweni, fungua zipu papo hapo. Kipimo: vidole viwili viingie chini ya kola kwa kulazimisha kidogo, bila maumivu.

Kola ya mpira laini inayobana kidogo inaweza kulainishwa. Ivalishe kwenye mpira wa miguu uliopunguzwa upepo, iache usiku kucha, kisha pima tena. Ikishindikana, punguza ukingo kwa mkasi mkali, nusu sentimita kwa wakati mmoja, ukijaribu kila mara. Kola yenye kitambaa na mshono wa ukingo usiikate, itaachia yote. Kifua kinachobana hakina dawa ya nyumbani yenye maana. Uza, nunua nyingine.

Mikono ikifa ganzi, ni suti inayobana kwenye vifundo. Tazama kama imeacha alama nyekundu inayokaa zaidi ya nusu saa baada ya kuvua.

Juu naelea kama boya, chini nazama kama jiwe

Malalamiko haya huja wiki ya kwanza ya suti mpya, na wageni wanaotoka kuzamia Unguja au Mafia huja nayo hata na suti yao ya zamani.

Viputo vilevile vinavyokupa joto ndivyo vinavyokuinua. Ukishuka, shinikizo linavibana: ukifika mita 10, gesi ndani ya mpira imebaki kama nusu ya ujazo wake. Suti inakuwa nyembamba, inainua kidogo, na joto nalo linapungua. Mpira wa 5 unabadilika zaidi ya mpira wa 3, kwa hiyo aliyezoea 3 akivaa 5 hujikuta anaongeza risasi, vile vipande vizito vya madini, kwenye mkanda ili azame, kisha akifika chini risasi zile zile zinamvuta. Haya si makosa ya suti. Jaketi la kuelea liongezwe hewa kidogo kadiri unavyoshuka, na mizani, yaani kupima risasi kiasi gani inakutosha, ifanywe upya kila unapobadilisha suti.

Kwa anayetoka baharini: maji ya chumvi ni mazito kuliko ya ziwa kwa takriban asilimia 2.5. Mzamiaji ambaye yeye na vifaa vyake vyote wana kilo 100 anahitaji risasi pungufu ya kilo 2.5 hivi huku kwetu. Nimemwona bwana mmoja akitua kwenye mchanga kwa magoti kama aliyeangushwa, kwa sababu alikuja na hesabu ya Pwani.

Mizani sahihi fanya mtungi wa hewa ukiwa karibu kuisha, bar 50 hivi (bar ni kipimo cha shinikizo). Jaketi tupu, pumzi ya kawaida, maji yakae usawa wa macho. Ukipima na mtungi uliojaa, kumbuka gesi ya mtungi wa lita 12 wenye bar 200 ina uzito unaokaribia kilo 3, na sehemu kubwa ya uzito huo itakuwa imeondoka ukifika mita 5 kwa mapumziko ya mwisho kabla ya kutoka majini. Hapo ndipo watu hupaa bila kupenda.

Kidogo pembeni: ziwa letu liko zaidi ya mita 770 juu ya usawa wa bahari. Jedwali la kuzamia, lile la dakika unazoweza kukaa kila kina, likiwa la usawa wa bahari halifai hapa. Saa ya kuzamia nayo iwekewe mwinuko.

Jedwali linasema saizi yangu, mwili unakataa

Herufi S, M na L hazina maana moja kwa watengenezaji wawili. Pima. Chukua futi kamba ya fundi cherehani, siyo ile ya chuma ya seremala, na umwombe mtu akupime, kwa sababu ukijipima mwenyewe unajipendelea.

Kifua chini ya makwapa, kiuno kitovuni, nyonga mahali pana zaidi, urefu, uzito. Hivyo viko kwenye kila jedwali. Kipimo ambacho hakipo mara nyingi na ndicho kinachoamua ni mzunguko wa kiwiliwili: futi kamba ianzie juu ya bega, ishuke mbele, ipite msambani, ipande nyuma hadi bega lile lile. Watu wawili wenye urefu mmoja na kifua kimoja wanaweza kuachana sentimita 8 hapo. Mmoja ana miguu mirefu, mwingine kiwiliwili. Suti fupi ya kiwiliwili inavuta mabega chini na kukata msamba. Ndefu inakunja mgongoni. Kama unanunua kwa mtu aliye Dar es Salaam na huwezi kuvaa, mwombe apime suti yenyewe ikiwa imelazwa: kwapa hadi kwapa, bega hadi msamba, msamba hadi mwisho wa mguu. Mpira unavutika, kwa hiyo suti huwa ndogo kuliko mwili wako, na hilo lisikutishe. Njia rahisi ni kumwomba vipimo hivyo vya suti ambayo inamkaa mtu mwenye mwili kama wako, ulinganishe.

Katikati ya saizi mbili? Mpira laini unaovutika sana, chukua ndogo. Mpira mgumu mnene, chukua kubwa, kisha kiuno kipunguzwe na fundi. Kupunguza kunawezekana. Kuongeza ni kutia viraka.

Dada zangu, suti ya kiume iliyowekwa punguzo isikudanganye. Itapwaya kiunoni na kubana nyonga kwa wakati mmoja, na hakuna fundi atakayeipenda kazi hiyo. Yule muuguzi alikuwa na mbili za kiume kabla hajapata moja ya kike, ya mtumba, iliyochakaa zaidi ya zote. Ndiyo anayoivaa hadi leo.

Ya mtumba: ina uhai au ni maiti?

Suti hujitokeza kwenye mabelo ya mitumba bila muuzaji kujua ni nini. Nimeona moja sokoni Mwanga ikiuzwa kama koti la mvua la pikipiki. Bei inakuwa nzuri kwa ajili hiyo, lakini jua unachokishika.

Nyingi si za kuzamia. Za kuteleza kwenye mawimbi ni laini, zinavutika kama soksi, ni raha kuvaa, lakini mpira wake unabanwa haraka kina kikiongezeka. Kwa mita 10 za kutazama samaki wa miamba zinafaa kabisa. Za mashindano ya kuogelea hujulikana kwa mpira unaong'aa nje, usio na kitambaa. Hizo ziache. Zimetengenezwa ziinue muogeleaji, kwa hiyo utabeba risasi nyingi, na ukucha mmoja unazichana.

Bonyeza mpira kwa kidole gumba sehemu tano tofauti, hasa magotini na kitakoni. Mpira hai unarudi mara moja. Ukibaki na shimo, au ukisikia mlio kama wa karatasi kavu, viputo vimekufa. Hata iwe milimita 7, utavaa turubai. Kisha iinue kwenye jua, uingize kichwa ndani kama unachungulia hema, utazame mishono. Vitundu vya mwanga kwenye mshono bapa, ule wenye nyuzi zinazoonekana pande zote mbili, ni vya kawaida, na kwa maji yetu ya uvuguvugu si tatizo kubwa. Mshono uliogundishwa kisha ukashonwa bila sindano kutokea upande wa pili ni bora zaidi, na huo ukionyesha mwanga ujue gundi imeachia.

Zipu ifunge na kuifungua mara tatu. Ikikwama kwa mchanga au kutu nyepesi, mswaki na nta ya mshumaa vinaponya. Meno yakikosekana, hesabu gharama ya zipu nzima, na mafundi wengi watakukatalia.

Mshono umeachia, mpira umechanika

Ipeleke kwa fundi viatu, siyo fundi cherehani. Cherehani ya kawaida hutoboa mpira upande hadi upande, na kila tundu ni mlango wa maji. Fundi viatu ana gundi ya kugusisha, na ana subira ya gundi.

Safisha, kausha siku nzima. Paka gundi nyembamba pande zote mbili za mpasuko, subiri isishike kidole, paka tena, subiri tena, kisha unganisha kingo kwa kingo bila kupandanisha na ubane kwa nguvu. Kosa la kila mtu ni haraka: wanaunganisha gundi ikiwa mbichi, nayo haishiki milele. Baada ya siku moja, shona juu ya gundi kwa sindano ya mkono na uzi wa poliesta, sindano iingie nusu ya unene tu na kutokea upande ule ule. Kupunguza kiuno ni kazi hiyo hiyo: unakata ukanda mwembamba pembeni mwa mshono, unaunganisha. Anza na sentimita 1 kila upande. Utashangaa inavyotosha. Mimi ile ndoo yangu iliponywa hivyo, na niliivaa miaka miwili zaidi.

Ngozi inawasha

Shingoni na makwapani huwa ni msuguano. Fulana nyembamba ya kuogelea chini ya suti inamaliza. Mafuta ya mgando usipake, watengenezaji wengi wanayakataza kwa sababu huharibu mpira na gundi. Ukishindwa kuingia kwenye suti, vaa mfuko wa plastiki mguuni kama soksi, pitisha mguu, uvute mfuko utoke. Unateleza kama dagaa.

Lakini muwasho unaoanza baada ya kutembea kwenye maji mafupi yenye majani, ukiacha vipele vidogo, ni habari nyingine. Kichocho kipo kandokando ya ziwa hili, na suti haikikingi, kwa kuwa maji yanaingia ndani na kukaa na ngozi yako. Ingia kutokea kwenye boti au kwenye miamba, siyo kwenye matete, na ukiwa na wasiwasi nenda ukapime. Dawa yake, prazikwanteli, inajulikana na inafanya kazi.

Inanuka, imekunjana, imepoteza umbo

Harufu ni mkojo na jasho. Kila mzamiaji anakana, na kila suti inasema ukweli. Suuza ndani na nje kwa maji safi siku ile ile, na mara moja moja iloweke saa moja kwenye maji yenye siki kidogo. Sabuni ya unga yenye kung'arisha hapana, pasi hapana, jua kali la saa sita mchana hapana. Jua linaukausha mpira hadi upasuke kama sole ya ndala iliyosahauliwa juu ya bati. Kausha kivulini, imegeuzwa ndani nje kwanza.

Ukiikunja na kuiweka chini ya mabegi, mikunjo inaua viputo mahali pale pale, na siku ukivaa unasikia mstari wa baridi. Henga ya waya inafanya hivyo hivyo mabegani. Tumia henga pana, au funga vitambaa kwenye ile ya waya mpaka inenepe kama bega la mtu.

Hapo ndipo lilipotokea tatizo ambalo sikulisoma kwenye kitabu chochote. Niliitundika vizuri kwenye kamba ya uani, mikono ikining'inia, miguu ikining'inia, nyeusi tii. Mama mwenye nyumba akatoka alfajiri kwenda kuchota maji. Kelele zake zilisikika hadi barabarani. Sasa naikausha ndani, nyuma ya mlango wa stoo, na kabla ya kuitundika nabisha hodi kwake kumtaarifu.